Maji ya boza pembezoni mwa Dar: pimia kwenye tangi lako

Kwa nyumba za Goba, Kivule au Chanika ambazo bomba halijafika, au limefika ila linatoa hewa tu, boza, yaani lori la tangi linalouza maji, ni huduma inayostahili pesa yake. Sharti ni moja: maji yapimwe kwenye tangi la mnunuzi, wala si kwa mdomo wa dereva.

Tumbukiza fito kavu hadi chini, weka alama palipolowa, kisha rudia baada ya kujaza. Tangi la duara lenye upana wa sentimita 120 hubeba lita 11 na ushei kwa kila sentimita ya kina, kwa hiyo lita 1,000 lazima zipande sentimita 88. Zikipanda 75, umepata kama lita 850. Karibu na mfuniko tangi hujikunja na hesabu hii haifanyi kazi, basi usipimie huko juu. Na si kila upungufu ni wizi. Kwenye vilima vya Goba gari likiegeshwa vibaya, maji hubaki upande usio na koki. Mwambie dereva ageuze gari, koki ikae upande wa bondeni.

Onja kabla mpira haujaingia tangini! Maji ya kisima yenye chumvi yakishamwagwa juu ya mazuri, tangi zima limeharibika. Jaribu na kipande cha sabuni: povu likikataa, hayo ni ya choo na kudeki, na yasiuzwe kwa bei ya maji yasiyo na chumvi.

Kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, chenye tangi la lita 1,000 hupenya vichochoro, lakini kwa kila lita huwa ghali kuliko boza kubwa. Gawanya bei kwa lita ndipo ulinganishe. Ukilinganisha na maji ya bomba, uniti moja ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, nayo ni lita 1,000. Watu watano wanaotumia ndoo tatu tatu za lita 20 kwa siku humaliza lita 300, hivyo lita 5,000 ni siku 16. Majirani wawili wakichangia boza la lita 10,000 wanafaidi, ila masika tani 10 za maji hazipandi njia ya udongo uliolowa. Agiza mapema, na uulize urefu wa mpira: gari likiishia barabarani, mpira mfupi haukusaidii kitu.

Ya kunywa chemsha, hata yakiwa meupe kama kioo. Tangi la boza hujui lilioshwa lini.