Mbolea ya ruzuku Trans Nzoia: bei nafuu, lakini kwa nani?

Kwa bei pekee, mpango wa Serikali ya Kenya wa mbolea ya ruzuku unastahili sifa. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ulikuwa umepita shilingi 6,000 madukani. Septemba mwaka huo serikali ikaanza kuuuza kwa 3,500, na Agosti 2023 ikashuka hadi 2,500. Katika Kaunti ya Trans Nzoia, ambako karo ya shule hutoka kwenye mahindi, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtu atapanda kwa mbolea au kwa maombi.

Utaratibu wenyewe hauna ugumu. Mkulima husajiliwa kupitia ofisi ya chifu akitaja ekari anazolima, msimu unapokaribia hupokea vocha kwa ujumbe wa simu, kisha hulipa kwa simu na kuchukua mzigo kwenye ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao (NCPB) au chama cha ushirika kilichoteuliwa. Hapo hakuna haja ya kujuana na mtu, na hilo si jambo dogo.

Ila vocha hufuata ekari, kwa hiyo mwenye ekari hamsini hubeba fungu kubwa la fedha za umma kuliko jirani yake mwenye moja, ingawa wa pili ndiye asiyeweza kununua mbolea ya dukani. Anayekodi shamba msimu huu eneo la Kwanza na msimu ujao eneo la Cherangany huwa na rekodi isiyolingana na anacholima. Wapo pia kina mama ambao ndio wanaoshika jembe, lakini usajili na namba ya simu ni vya mume aliye Nairobi; ujumbe unaingia huko, na mama hungoja mpaka mzee akumbuke kuutuma, huku mvua ya Machi ikiwa imeshaanza.

Halafu kuna usafiri. Tuseme mkazi wa miteremko ya Mlima Elgon anafuata mfuko mmoja Kitale, analipa matatu shilingi 300 kwenda na bodaboda 500 kurudi na mzigo: ile 2,500 imekuwa 3,300, kabla ya kumlipa kuli. Akiambiwa mbolea imekwisha, nauli inaanza upya. Mwenye lori akipakia mifuko themanini, gharama hiyo haionekani kabisa. Kupeleka mauzo kwenye vyama vya ushirika kumepunguza tatizo hili, na ningependa kuona fedha zaidi zikielekezwa huko kuliko kwenye kushusha bei tena.

Kuhusu ubora, sakata la mbolea bandia la 2024, lililofikia hoja bungeni ya kumwondoa madarakani Mithika Linturi, aliyekuwa Waziri wa Kilimo wakati huo, liliwaumiza wale wale wa ekari moja, kwa kuwa mbegu iliyokwisha kupandwa hairudishwi na fidia ya mfuko mwingine.

Kwa mkulima mdogo, ushauri wangu ni kukagua usajili kwa chifu kabla ya Januari, namba ya simu iwe ya anayelima, na majirani wachangie pikapu moja. Orodha ya waliopokea, pamoja na idadi ya mifuko, ibandikwe kwenye ofisi ya kila lokesheni.