Nimelipia ukaguzi wa paa kabla ya matengenezo: uzoefu wangu

Nyota nne kati ya tano. Nimeipenda huduma hii na ningeilipia tena, ila kuna jambo limenifanya niibakize nyota moja. Nitalifikia.

Huduma yenyewe ni ukaguzi wa paa la nyumba ya kuishi. Kampuni haiuzi bati wala vigae, na haina mafundi wa kuezeka. Inalipwa kuangalia na kuandika ripoti. Niliitafuta kwa sababu hiyo hasa. Paa langu la bati lilikuwa likivuja koridoni, na kila fundi aliyeitwa alipanda moja kwa moja hadi juu ya doa la unyevu, akapaka lami au silikoni, akashuka. Mvua kubwa ikija, doa ni lilelile. Anayelipwa kwa kuziba ataona cha kuziba. Nilimtaka mtu ambaye kazi yake inaisha akishajua maji yanaingilia wapi.

Mkaguzi hakuanza na ngazi ya nje. Aliomba kuingia darini na tochi, na huko alikaa muda mrefu kuliko aliokaa juu ya bati. Maelezo yake yamebadili kabisa namna ninavyolitazama paa: maji yakishapenya hayadondoki hapohapo. Hutambaa upande wa chini wa bati, yakashika mbao za papi (zile bati linapopigiliwa), yakateremka na mguu wa kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), na kudondoka pale yanapokutana na kizuizi, pengine kichwa cha msumari au kiungio cha mbao. Alimulika kenchi akanionyesha mstari mweusi wa maji ya siku nyingi ukipanda kutoka usawa wa korido hadi kwenye mfereji wa kona, pale pande mbili za paa zinapokutana. Tundu lilikuwa mita kadhaa juu ya doa. Lami yote ile ilipakwa mahali pazima.

Hakuridhika na mstari peke yake. Alimwagia paa maji kwa mpira, akianzia chini karibu na gata na kupanda kidogokidogo, sehemu moja kwa wakati, huku mwenzake akiwa darini. Ukianzia juu, maji hulowesha kila kitu njiani na huwezi kujua yamepenyea wapi. Yalipofika kwenye mfereji wa kona, mwenzake akaita.

Mfereji ulikuwa umejaa majani, na chini ya majani bati lilikuwa limeliwa na kutu. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo kila mwenye nyumba angepaswa kuambiwa kabla ya siku ya kuezeka: bati lisikatwe kwa grenda. Joto la diski huunguza zinki na rangi kandokando ya mkato, na chembe za moto zinazorukia bati hujibandika, zikashika kutu na kuacha vidoa kila mahali. Mkasi wa bati unachosha mkono, lakini hauunguzi tabaka la kinga. Na tabaka hilo ndilo linaloamua uhai wa bati. Mabati mengi ya siku hizi hupakwa mchanganyiko wenye takriban asilimia 55 ya alumini, asilimia 43.4 ya zinki na kiasi kidogo cha silikoni (elementi, si ile ya kuzibia), nao hustahimili kutu vizuri, ila haupatani na saruji mbichi wala na maji yanayotiririka kutoka kwenye shaba. Ukiona fundi anaziba kofia ya paa (kifuniko cha ukingo wa juu kabisa) kwa zege juu ya bati la aina hiyo, msimamishe.

Sehemu iliyonigusa zaidi ilihusu vifungio. Paa langu lilipigiliwa misumari, na mingi ilikuwa imeinuka kidogo. Nilidhani ni upepo. Kumbe ni jua. Chuma hurefuka takriban milimita 0.012 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Bati la mita 6 lenye tofauti ya nyuzi 40 kati ya usiku wa baridi na mchana wa jua kali hurefuka karibu milimita 3, kisha likarudi, kila siku, mwaka baada ya mwaka. Msumari unasukwasukwa hadi unalegea. Skrubu yenye washa ya mpira (pete iliyo chini ya kichwa chake) hushika mbao kwa meno yake na mpira huvumilia mwendo huo, mradi isikazwe kupita kiasi. Ukiona mpira umetokeza nje ya washa umebonyea, hapo pataanza kuvuja mapema. Aliongeza kwamba upepo hauling'oi paa kwa kulisukuma, hulifyonza kuelekea juu, na mvuto huwa mkali zaidi kwenye kingo, pembe na karibu na kofia. Huko vifungio viwe vya karibukaribu kuliko katikati. Kwangu nafasi zilikuwa sawa paa zima. Hilo limeingia kwenye ripoti, na ndilo nililoanza kulirekebisha.

Nilimuuliza kuhusu kubadili bati niweke vigae vya zege, maana navipenda kwa utulivu wake wakati wa mvua. Hakunikataza. Alinipa hesabu tu: bati la chuma la milimita 0.5 lina uzito wa kilo 4 hivi kwa mita ya mraba, vigae vya zege hufika kilo 40 hadi 50. Kenchi zilizopigwa kwa ajili ya bati haziwezi kubebeshwa mara kumi ya mzigo huo bila mhandisi kuzipitia kwanza. Vigae pia huhitaji mwinamo mkubwa kuliko bati la karatasi ndefu, kwa kuwa maungio yake ni mengi na maji yakitembea polepole hupata nafasi ya kupenya. Wazo hilo nimeliweka kando.

Juu ya geji, yaani namba ya unene wa bati, alikuwa mfupi, na ushauri wake ni mzuri: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba, kwa hiyo geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Lakini viwango vya geji havilingani kila mahali, basi ulizia unene kwa milimita, na ikiwezekana pima kwa mikromita kabla ya kupokea mzigo.

Kwa wenye mapaa ya zamani ya asbesto, hili nalisisitiza kwa moyo wote: msitoboe, msikate, msifagie makavu. Vumbi lake likiingia mapafuni huleta saratani. Kazi hiyo ni ya watu wenye vifaa na mafunzo yake.

Sasa ile nyota iliyobaki. Ripoti ilikuja na picha nyingi nzuri na orodha ndefu ya kasoro, zote zikiwa na uzito mmoja. Skrubu iliyolegea iliandikwa sawasawa na mfereji uliooza. Mtu asiyejua paa angeanza na lolote, fedha ikaishia kwenye madogo. Ilinibidi nipige simu kuomba mpangilio, na walinipa vizuri: kwanza panapoingiza maji, pili panapoweza kung'olewa na upepo, tatu panapozuia maji kuondoka, rangi mwisho. Ukurasa huo ulipaswa kuwa wa kwanza kwenye ripoti.

Tena, gata walizipitia juujuu. Waliandika kwamba ni safi, basi. Hawakupiga hesabu kama zinatosha, ilhali hesabu yenyewe ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa linalofunika mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50, ni lita 5,000 zinazotafuta njia ya kutoka. Gata nyembamba yenye bomba moja la kushushia hufurika, maji yakarudi nyuma hadi kwenye ubao wa pembeni na vichwa vya kenchi, na mbao huoza mahali ambapo macho hayafiki.

Ningewashauri kulipia ukaguzi wa aina hii wale wanaonunua nyumba iliyokwisha kujengwa, na yeyote ambaye paa lake limezibwa zaidi ya mara moja bila kupona. Kabla ya kukubaliana, uliza kama mkaguzi ataingia darini na kama atapima kwa maji. Akisema picha za juu zinatosha, tafuta mwingine.