Nimetoa gari bovu kwa hisani hapa Ohio, Marekani: nyota tatu, na sababu zake

Dodge Caravan yangu ya mwaka 2006 iliua gia boksi Novemba 2023 na kulala mbele ya nyumba mpaka Aprili. Aliyeishi Columbus anajua chumvi inayomwagwa barabarani theluji ikianguka inavyofanya. Inakula bodi kuanzia chini, na lile la kwangu ukiligonga ngumi karibu na tairi la nyuma lilikuwa linadondosha kutu kama pumba. Fundi alitaja bei ya gia boksi, nikacheka, naye akacheka. Hakuna aliyelitaja tena.

Mdogo wangu wa Morogoro aliposikia nataka kuligawa alinipigia saa nane usiku ya huku. "Kaka, vipuri vyote hivyo unatoa bure?" Kwake gari halifi. Linapandishwa juu ya mawe, leo linatoa taa, kesho kiti. Nikamwambia kwamba mwenye nyumba wangu ameshaniandikia barua mbili kuhusu hilo gari, na hajayaona hayo mawe bado. Wanunuzi wa chuma chakavu walikuwa tayari kunipa dola 250. Nikazikataa, kwa sababu redioni kila siku nasikia: toa gari lako, upate nafuu ya kodi. Nikajiona mjanja.

Shirika nililochagua (silitaji) linasaidia familia zisizo na makazi. Kabla ya kupiga simu nilitafuta jina lake kwenye ukurasa wa mamlaka ya kodi, IRS, unaoonyesha mashirika yaliyosajiliwa kupokea misaada yenye nafuu ya kodi. Lilikuwamo. Simu yenyewe haikufika robo saa: namba ya chasisi, je linawaka, matairi yana upepo, funguo ipo, kuna deni la benki, kadi ya gari ina jina lako? Kuvuta ni bure. Hapo nyota tano, sina neno.

Balaa lilianzia kwenye kadi. Usiku wa kuamkia siku ya kulichukua nilikaa mezani jikoni, nikajaza kila nafasi na kutia sahihi yangu nzuri kabisa. Asubuhi dereva akaja na lori la kubebea magari, akaigeuza ile karatasi mara mbili, akauliza muhuri wa notari, yule ofisa anayeshuhudia na kuthibitisha sahihi, uko wapi. Kumbe Ohio sahihi ya anayetoa gari lazima iwekwe mbele ya notari. Ukishaisaini peke yako umeiharibu. Dereva akaondoka na lori tupu, nami nikapoteza siku ya kazi kwenye foleni ya ofisi ya kadi za magari nikiomba nakala nyingine. Kosa ni langu, lakini yule wa kwenye simu aliyeniuliza habari za upepo wa matairi angeshindwa nini kunitajia neno moja la notari?

Mara ya pili mambo yalikwenda. Nilifungua namba zangu za gari kwa bisibisi, maana huku namba ni za mwenye gari na hazifuatani nalo. Chini ya kiti cha nyuma nikakuta kiatu kimoja cha mtoto tulichokitafuta mwaka mzima. Bima nilisubiri kuikata mpaka gari limeondoka na stakabadhi iko mkononi.

Sasa hiyo kodi. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2004, huwezi kujikadiria thamani unayotaka. Shirika likiliuza gari kwa zaidi ya dola 500, kwa kawaida kwenye hesabu zako za kodi unadai ile bei tu lililouzwa, na wanakuletea fomu 1098-C, yaani stakabadhi ya kodi ya gari lililotolewa, ndani ya siku 30 za mauzo. Langu lilikwenda mnadani kwa dola 340. Kwa gari lililouzwa chini ya 500 unaruhusiwa kudai thamani yake halisi sokoni, isipite 500. Nikafurahi, nikampelekea mhasibu.

Mhasibu akaniuliza kama ninaorodhesha moja moja makato yangu, yaani matumizi yanayopunguza kodi, kama huo msaada wa gari. Hapana. Basi hupati kitu. Mwaka wa kodi 2024 wanandoa wanaojaza pamoja walipewa punguzo la jumla la dola 29,200 bila kuorodhesha chochote, na mimi mpangaji, sina riba ya mkopo wa nyumba, nifikishe wapi kiasi hicho? Watu wengi ninaowajua huku wako hivyohivyo. Redio haikosei, ila haimalizii sentensi.

Nyota nyingine niliyowanyima ni ya kimya. Aliyepokea simu yangu hakuwa mtu wa shirika. Ni kampuni ya kati inayovuta magari, inayapeleka mnadani na kukata chake kabla ya kupeleka kinachobaki. Si siri wala si wizi. Lakini nilipouliza kati ya zile 340 familia zilipata ngapi, nilizungushwa wiki mbili kwa barua pepe bila kupewa tarakimu. Ningeuliza kabla ya kutoa funguo. Au ningechukua zile 250 za chuma chakavu na kuwapelekea mwenyewe.

Jirani yangu Mkongo ana Nissan iliyokufa tangu Krismasi. Juzi akaniambia, "Ndugu, unipe ile namba ya simu." Nimempa, nikamwomba aniletee kadi ya gari kwanza niifungie kabatini, asije akaigusa na kalamu.