Betri za bunduki ya mota: tazama nailoni kabla ya namba

Mwanangu ana miaka 13. Mjomba wake alimletea kutoka Dar bunduki ya kuchezea, ile ya mota mbili inayorusha vishale vya sponji. Kiwandani imepangiwa betri 4 za rimoti, yaani volti 6. Haikupita wiki mbili akaifungua, akabadilisha mota akaweka kali zaidi, kisha akaniomba betri za tochi za kuchaji, zile nene ziitwazo 18650. Nikashuka Soko la Mwanga nikanunua mbili, shilingi 3,500 kila moja. Zilikuwa zimeandikwa mAh 9,900, yaani kiasi cha chaji inachobeba, kwa maandishi ya dhahabu.

Jioni ileile kishale kikakwama, mtoto akaendelea kubana. Nilipoipokea, plastiki ya mpini ilikuwa imelainika. Nikazitoa betri kwa kitambaa nikazitupa mchangani uani. Zilipopoa nikaziangalia: moja nailoni yake, ile ngozi nyembamba inayoivisha, ilikuwa imechubuka kichwani, pale inapoguswa na chuma cha kikasha.

Tangu niliposimulia hayo, kina mama wa hapa Kigoma na Ujiji wananiuliza wanunue ipi. Wote wanaanza na mAh. Mimi naomba tuanze na nailoni.

Betri ya 18650 ina milimita 18 za unene na 65 za urefu, na watu wengi wanadhani hasi ni kitako peke yake. Sivyo. Mwili mzima wa chuma ni hasi, kuanzia kitako hadi kwenye ukingo wa kichwa. Chanya ni kile kitufe cha katikati tu. Kinachozitenganisha hapo juu ni upenyo mdogo sana, pete nyembamba ya kuhami, na nailoni nyepesi kuliko mfuko wa barafu. Sasa kikasha cha bunduki kina springi na vipande vya chuma vinavyokwaruza kila unapoingiza na kutoa betri. Pakichubuka, chuma kimoja kikagusa kitufe na ukingo kwa pamoja, betri imepiga shoti hapohapo ilipo. Swichi haisaidii. Hata fyuzi uliyoweka kwenye waya haisaidii, kwa sababu umeme haupiti huko kabisa.

Kwa hiyo dukani ishike betri kichwa juu, uizungushe taratibu kwenye mwanga. Nailoni iwe imekunjwa juu ya ukingo sawasawa pande zote, na ile pete uione chini yake. Ikiwa imelegea, ina mikunjo, au pete haipo, irudishe. Mara nyingi hiyo ni betri iliyotolewa kwenye laptopu kuukuu na kuvalishwa nguo mpya. Betri halali iliyochubuka kidogo inaokolewa: nunua pete na nailoni mpya, ivalishe, ipitishie draya ya saluni mpaka ibane. Mimi huzikagua kila Jumamosi kabla ya kuchaji.

Cha pili ni ampia, yaani wingi wa umeme ambao betri inaweza kuutoa kwa mara moja. Mota mbili kali, zinapoanza kuzunguka au zikikwama, zinaweza kuvuta ampia 20 na kupita. Betri ya laptopu haikutengenezwa kwa mvuto huo, ndiyo maana inachemka.

Namba moja kwangu ni Molicel P26A, na sifichi kwamba naipenda. Ina mAh 2,600 tu, lakini inatoa ampia 35 mfululizo. Nilizonunua mimi zimefanya kazi tangu mwaka jana, na mtoto akimaliza kucheza ninazishika zikiwa na uvuguvugu tu. Mbili zinakupa volti 7.2, zikijaa 8.4, na kwa bunduki ya mtoto hiyo inatosha. Usikubali akuombe ya tatu.

Inafuata Samsung 25R, mAh 2,500 na ampia 20. Ni nzuri kwa mota ambazo si kali sana. Murata VTC6, ambayo zamani ilikuwa ya Sony, ina mAh 3,000 na ampia 15. Hukaa na chaji zaidi, ila kwa mota zilizobadilishwa naona inabanwa.

Betri laini za LiPo, zile za helikopta za kuchezea, zina nguvu kweli. Lakini zinataka chaja inayosawazisha kila seli, zisishuke chini ya volti 3 kwa seli, na zikivimba kazi yake imekwisha. Nyumba yenye watoto watatu kama yangu, sizitaki.

Kama bunduki haijafunguliwa, weka Eneloop za Panasonic, betri za rimoti za kuchaji, volti 1.2 kila moja, uache kuhangaika.

Za bei rahisi: ziache.

Na hapa lazima niseme. Betri nzuri za umbo hili zilizozoeleka sokoni huishia karibu na mAh 3,500. Anayekuuzia 9,900 anakuuzia wino. Nilimpelekea muuzaji ile iliyochubuka, akanionyesha kibao: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwomba sonara jirani yake atupimie kwenye mizani. Betri halisi huwa na gramu 45 hivi au zaidi; ile ilikuwa na 31. Muuzaji akasema, "Dada, hizi ni za kisasa, nyepesi." Mtu mzima anamwambia hivyo mama ambaye mpini ulilainika mkononi mwa mwanawe! Zile halisi nilipoagiza Kariakoo, nauli ya basi na ya bodaboda kutoka stendi vikala karibu robo ya bei. Sisi wa mwisho wa reli tunalipa zaidi ili tupate kitu cha kweli, na feki ndizo zimejaa mezani kwa bei ya kumvuta mtoto mwenye hela ya sikukuu.

Ukishazipata, daini na kikasha cha plastiki cha kuzibebea. Ukikosa, tumia kisanduku cha sabuni chenye mfuniko, kila betri na chake. Zisikae mfukoni pamoja na funguo au sarafu. Chajini sakafuni kwenye simenti, si kitandani, na mtu mzima awe macho. Kwangu betri zinalala chumbani kwangu. Mtoto anabaki na bunduki.