Karura: msitu wa jiji uliopiganiwa

Mtu wa Nairobi akiniuliza pa kupumzikia na watoto, mimi namwelekeza Karura. Ni msitu wa hekta zaidi ya 1,000 ndani ya jiji, uliotangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932.

Juzi nilikwenda na binti zangu, tukaingia kwa geti la Limuru Road. Unalipa kwa simu. Chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi, kwa hivyo maji yabebe kwenye chupa ya chuma. Kwenye njia panda kuna vibao vyenye namba. Ukiwa na ramani hupotei.

Wengi hufuata maporomoko ya maji, na kweli yanapendeza, hasa baada ya mvua. Mimi moyo wangu uko mapangoni. Wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo. Ukipiga hatua chache tu ndani mwanga unafifia, na mwamba ukiugusa ni baridi, umelowa. Binti yangu wa mwisho alinishika mkono akauliza, "Mama, walikuwa wanapika wapi?" Tulikaa pale kitambo tukilizungumzia hilo.

Nikawasimulia pia habari za Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira. Miaka ya 1990 vipande vya msitu huu viligawiwa kinyemela kwa watu waliotaka kujenga majumba. Tarehe 8 Januari 1999 alifika na wenzake kupanda mti, wakavamiwa na walinzi wa kukodiwa, naye akajeruhiwa kichwani. Hakurudi nyuma. Wanafunzi wa vyuo vikuu nao wakaandamana, na mwezi Agosti mwaka huo huo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Kila nikiona wazee wanakimbia taratibu na watoto wako juu ya baiskeli za kukodi, namshukuru mama yule kwa dhati.

Kasoro zipo. Wikendi, kufikia saa nne asubuhi, pa kuegesha gari ni shida. Njia za mtoni huteleza sana wakati wa mvua. Raba zilizoisha soli hazifai. Kima nao hawaogopi watu, wala usiwalishe. Ila inua macho juu mitini: kuna mbega, weusi kwa weupe, walioletwa kutoka upande wa Nyandarua.

Ukipata nafasi nenda siku ya kazi, mapema, na uanzie mapangoni kabla watu hawajawa wengi.