Kukodi Kayaki katika Visiwa vya Stockholm: Tathmini kwa Wasomaji wa Tanga

Huduma ninayoitathmini ni ya kukodisha kayaki za baharini, yaani mitumbwi myembamba iliyofunikwa juu, katika pwani ya kusini ya Stockholm, nchini Uswidi, ambako nilikaa majira ya joto nikivizunguka visiwa vya Utö, Ornö na Nåttarö. Naandika hasa kwa ajili ya vijana wa Raskazone na Deep Sea, ambao tangu nirudi Tanga wananiuliza kama safari hiyo inamfaa mtu aliyekulia kwenye mtumbwi na ngalawa. Inamfaa kabisa, mradi akubali kufundishwa upya kuhusu baridi ya maji na namna ya kurudi ndani ya chombo kilichopinduka.

Sifa kubwa ya wenye huduma hii ni kwamba hawamkabidhi mtu kayaki kabla hajapinduka nayo mbele ya macho yao. Mwalimu wetu, mama wa makamo mwenye subira nyingi, alitupeleka kwenye ghuba iliyotulia, akatufunga ile sketi inayoziba tundu la kukalia, kisha akatutaka tujipindue mmoja baada ya mwingine. Ukiwa kichwa chini unatafuta kwa mkono kishikio kilicho mbele ya sketi, unakivuta, unatoka, na papo hapo unaishika kayaki isichukuliwe na upepo. Halafu unavisha boya la kupuliza kwenye ncha ya kafi na kulilaza kafi juu ya maji, likafanya kwa muda kazi ileile ya mbao za ubavuni za ngalawa, nawe unapanda kwa tumbo, unageuka taratibu na kuyatoa maji kwa pampu ya mkono. Tulirudia zoezi hilo mpaka mikono ikalizoea. Mapema mwezi wa Juni maji ya Baltiki, bahari inayovizunguka visiwa hivyo, huweza kuwa chini ya nyuzi 15, na mtu wa kwetu akitumbukia humo ghafla pumzi humkatika, kwa hiyo suti ya mpira waliyonipa, iliyonikaa sawasawa, naihesabu kuwa sehemu ya usalama.

Vyombo vyenyewe vilikuwa vizuri: urefu wa mita 5 hivi, upana usiofika sentimita 60, usukani wa kukanyagia kwa miguu, na vyumba vya mizigo ambavyo havikuingiza hata tone.

Jambo lililonishughulisha zaidi ni bahari yenyewe. Sisi hatuendi visiwa vyetu vya Yambe wala Ulenge bila kujua maji yanapwa saa ngapi, maana wakati wa bamvua tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Huko kupwa na kujaa ni kama hakuna, na kina hubadilika kwa nguvu ya upepo na mgandamizo wa hewa. Chumvi nayo ni gramu 6 au 7 tu kwa kilo ya maji, ilhali yetu ina takriban 35. Mzee mmoja mvuvi aliponisikia nikieleza hayo alishangaa: “Sasa mwanangu, maji yasiyopwa, pweza mnamwokota wapi?” Nikamjibu, “Mzee wangu, huko pweza hakuna, chumvi haimtoshi.” Hivyo anayepanga safari huko huangalia upepo kwanza, na wenye huduma walitutumia utabiri kila asubuhi, wakituelekeza kupita upande wa kisiwa uliokingwa.

Usiku tulilala juu ya miamba iliyolainishwa na barafu ya kale. Haki ya kila mtu kutembea na kupumzika katika mazingira ya asili imo katika katiba ya Uswidi tangu 1994, nayo kwa desturi hukuruhusu kupiga hema usiku mmoja au mbili mbali na nyumba za watu. Moto hauwashwi juu ya mwamba, kwa kuwa joto huupasua, na wakati wa ukame moto hupigwa marufuku kabisa. Jiko la gesi lililomo katika kodi lilitufaa sana.

Nyota moja kati ya tano nimewanyima kwa sababu ya ramani. Visiwa kadhaa wanakozalia ndege wa baharini hufungwa, mara nyingi kuanzia Februari mosi hadi Agosti 15, na ni marufuku kukaribia. Ramani tuliyopewa haikuonyesha mipaka hiyo, tukaambiwa na wasafiri tuliokutana nao njiani. Kwa kampuni inayojali usalama wa watu kiasi kile, kutowajali ndege kulinisikitisha.

Anayetaka kwenda adai ramani yenye mipaka hiyo kabla ya kulipa, na kama ana uhuru wa kuchagua, aende baada ya katikati ya Agosti, wakati visiwa vingi vimefunguliwa na maji bado yana joto la kiangazi.