Weishi 1000 kwa fundi saa wa Arusha: soma nyuzi kabla ya sekunde

Fundi anayerekebisha Seiko 5 kwa sikio humwambia mteja arudi baada ya siku tatu. Kwa Weishi 1000, mashine ya kupimia mwendo wa saa, saa inabanwa juu ya maikrofoni na dakika haiishi kabla kioo hakijaonyesha inakimbia au inachelewa sekunde ngapi kwa siku, balansi (gurudumu linalobembea ndani ya saa) inabembea nyuzi (digrii) ngapi, na tiki imepishana na taki kwa milisekunde ngapi.

Wengi hukimbilia sekunde. Tazama nyuzi kwanza. Springi ikiwa imejaa na uso ukiwa juu, nyuzi 270 hadi 300 ni saa isiyo na tatizo, ingawa kwa 7S26, mtambo ulio ndani ya Seiko 5, usishtuke ukikuta 240. Chini ya 200, hata ukiirekebisha hadi sekunde sifuri leo, wiki ijayo itahama: mafuta yamekauka au kuna uchafu. Hiyo ni ya kufunguliwa na kuoshwa.

Mashine huwaka ikiwa na pembe ya kuinua (lift angle), ambayo hutumia kukokotoa nyuzi, ya 52. Kwa 7S26 weka 53, kwa mtambo wa Uswisi wa ETA 2824-2 weka 50. Ukisahau, sekunde hubaki sahihi ila nyuzi zinakudanganya. Kumbuka pia 7S26 haijazwi kwa kifundo, kile cha pembeni cha kugeuzia mishale. Ivaliwe kutwa ndipo ipimwe.

Kwenye kurekebisha, anza na mkono unaoshika ncha ya springi ya nywele (springi nyembamba ya balansi), ushushe tofauti ya tiki na taki chini ya milisekunde 0.8. Ndipo uende kwenye mkono wa kurekebisha mwendo (si mshale wa sekunde), maana ule wa kwanza ukiguswa huvuruga huu wa pili. Tumia kijiti cha mti, si bisibisi: bisibisi ikiteleza, springi ya nywele imekwisha. Sogeza kiasi ambacho jicho halikioni, kisha pima tena.

Kasoro zipo. Haina betri, umeme ukikatika kazi inasimama. Meza ikitikisika mistari ya kwenye kioo hutawanyika, kwa hiyo kwenye kibanda cha kando ya barabara weka sponji chini yake. Wala haiondoi sumaku iliyoingia kwenye saa: saa iliyoanza ghafla kukimbia dakika kadhaa kwa siku, ipitishe kwanza kwenye kifaa cha kuondoa sumaku, kwa kuwa mizunguko ya springi ya nywele huenda imenatana.

Kizuri kuliko vyote ni stendi inayogeuka. Pima uso juu, uso chini na kifundo chini. Ikiwa kifundo chini inachelewa na uso juu inakimbia, mwambie mteja ailaze mezani uso juu usiku. Asubuhi itakuwa imefidia.